Mwaka Nilioitwa Dada na Mume Wangu

Siku mume wangu aliponiita dada, nilimrushia mwiko. Ulikuwa na ugali wa moto, ukampata begani. Alijifuta, akauokota, akausuuza kwenye ndoo, kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwewe kitu. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika kweli. Mume mwenye hasira unamwelewa, atafoka, yataisha. Mume mwenye adabu kama mgeni, huyo utamtafutia dawa wapi?

Wanangu wakisikia habari hii hucheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke tu. Wakati ule mimi sikucheka, kwa sababu kilichokuwa kinavunjika ni nyumba yangu, tena bila ugomvi, bila mwanamke wa nje, bila pombe. Ilikuwa inavunjwa na kitu ambacho kilikuwa kimeniponya.

Tulikuwa tunaishi Geita, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo na kofia yake. Mimi na mume wangu sote ni Wasukuma wa upande wa Shinyanga. Baba yangu alipokea ng'ombe wa mahari akaridhika nao, nami nikaridhika na kijana, tukaja Geita kutafuta maisha. Yeye alisukuma toroli za mawe chini shimoni. Kaka yangu, wa tumbo moja na ziwa moja, alitutangulia mgodini, na ndiye aliyemwombea shemeji yake kazi. Tulipewa chumba kimoja na kibaraza chake, jiko likiwa nyuma. Kwetu lilikuwa jumba.

Mimba yangu ya kwanza ilinikuta humo. Uchungu ulinianza asubuhi, mume wangu akiwa shimoni. Mkunga alikuwa jirani yangu, mama mtu mzima mwenye mikono myepesi, na mtoto alitoka salama: wa kike, analia kama anagombana na mtu. Wanasema sauti kaipata kwangu. Kilichogoma ni kondo la nyuma. Damu ikatoka, ikatoka, mkeka ukalowa, wakaweka kanga, nayo ikalowa. Mkunga aliyekuwa ananibembeleza akaanza kuniita jina langu kwa nguvu. Mimi namsikia kwa mbali, najiuliza huyu mama ananipigia kelele za nini, nami nataka kulala tu.

Lori la mgodi lililokuwa linaleta kuni ndilo lililonipeleka hospitali, nimelazwa juu ya magunia. Yaliyofuata nimesimuliwa, tena na kaka yangu, na kaka yangu akikusimulia jambo lazima utoe chumvi kwanza ndipo ule. Lakini haya wengi waliyaona, na hakuna aliyembishia.

Daktari alifanikiwa kulitoa kondo. Shida ikawa damu iliyobaki mwilini ni kidogo mno. Akasema huyu anahitaji damu ya mtu, leo hii, la sivyo jioni haimkuti. Kaka yangu akasimama, shati amekwisha kulikunja mpaka kwapani.

"Mimi hapa. Tumbo moja, ziwa moja. Nitoeni."

Mpima damu wa pale hospitali alikuwa Mzaramo, mtu wa pwani, mwembamba, mwenye maneno matamu hata akikuletea habari chungu. Alimtoboa kaka kidole, akachukua na yangu kidogo, akazichanganya kwenye kigae cheupe, akakitikisatikisa. Kaka anasema walikitazama pamoja. Damu ilijikusanya vipande vipande, kama maziwa yaliyokatika kwenye chungu.

"Hii haifai," akasema Mzaramo.

"Haifai vipi? Huyu ni mdogo wangu!"

"Ni mdogo wako, sikatai. Lakini wewe ni kundi B na yeye ni kundi A. Nikimtilia ya kwako itamgandia ndani namna hii hii unavyoiona, nitakuwa nimemuua."

Hapo kaka yangu akapandisha mori. Kwetu sisi, mtu akikuambia damu yako na ya dada yako hazipatani, amekutukania mama. Amesema baba zenu ni wawili. "Wee! Unamjua mama yangu? Umemwona wapi? Rudia tena hapa!" Madresa wawili, wale wasaidizi wa daktari, wakamdaka mikono asimvamie mtu wa watu. Mzaramo wala hakurudi nyuma. Alimwambia, kaka, mimi sizungumzi habari za mama yako, nazungumza habari za damu. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kupishana damu kama wanavyopishana urefu, na hilo si aibu ya mtu. Kaka aliketi, ila hakumsamehe.

Mume wangu alikuwa ameshafika, katoka shimoni moja kwa moja, vumbi la mawe kichwani mpaka kwenye kope. Naye akatobolewa kidole. Kigae kikatikiswa. Damu ikatulia, laini, haina kipande hata kimoja.

"Alhamdulillahi," akasema Mzaramo. "Kundi O. Mtu wa namna hii anaweza kumpa kila mtu. Bwana, damu yako inamfaa mkeo."

Sasa hapa ndipo kaka yangu anapochekea kila anaposimulia. Anasema mume wangu aliwatazama, akageuka, akatoka nje. Akakaa chini ukutani, chini ya dirisha, mikono kichwani. "Shemeji sindano ilimtisha! Mtu anashinda na baruti chini ya ardhi, anaona sindano anakimbia!" Halafu baada ya kitambo akarudi, uso umekauka, akaunyoosha mkono. Akasema, "Chukueni. Chukueni yote mnayoitaka."

Mimi nilipozinduka niliona chupa imetundikwa juu ya chuma, ndani yake damu nyeusinyeusi, inashuka tone kwa tone kwenye mpira mpaka mkononi mwangu. Nilikuwa natetemeka kwa baridi, mdomo umenikauka. Na mume wangu yuko kwenye benchi, kipande cha pamba kimekunjwa kwenye kiwiko chake, ananitazama. Nikatabasamu. Yeye akainamisha uso. Nikadhani amechoka, maskini, na kazi ya shimo na damu aliyotoa.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta shangazi yake ameletwa kutoka kwetu aje kuniuguza. Dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mapenzi mengi, na tulipatana tangu mwanzo kwa sababu sote wawili tulipenda kubishana. Alinipikia uji wa ulezi, akanikanda, akanilisha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, kwa karanga mpaka mashavu yakarudi. Sina neno baya juu ya mikono yake.

Mume wangu akawa analala kibarazani. Sikuuliza, mimi ni mzazi, na mama mtu mzima yumo chumbani, ndivyo inavyotakiwa. Kilichonishangaza ni kwamba akija mlangoni kwake mwenyewe alikuwa anabisha hodi. "Hodi hapa." Nikamtania: "Karibu mgeni, unamtafuta nani?" Hakucheka. Akampokea mtoto wake, akamtazama weee mpaka akashiba, akamrudisha, akarudi nje.

Mvua za kupalilia zikapita. Mtama ukachanua. Mimi nilikuwa nimepona kabisa, nabeba ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni. Siku moja nikaoga nikang'aa, nikajipaka samli, nikavaa kanga mpya. Akaja, "hodi hapa," akapokea sahani yake, akaenda kula nje, uso kauelekeza barabarani. Ebo! Nikamfuata na mwiko mkononi. Nikamwuliza, "Utalala hapo nje mpaka lini? Nimekukosea nini?"

Akasema, bila kuinua macho, "Dada, chakula chako ni kitamu. Hayo mengine tuyaache."

Ndipo mwiko ukaruka.

Shangazi alikuwa anamenya viazi pembeni. Akaweka kisu chini. "Mwache mwanangu, mayu," akaniambia, maana mayu kwetu ni mama. "Hana kosa. Kosa ni la damu."

Akanikalisha, akanipa habari ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Baba mkwe wangu alipokuwa kijana alisafiri sana upande wa magharibi, kwa Wasumbwa, kufuata majembe na chumvi. Huko akapata rafiki, wakapendana, wakachanjana. Kila mmoja alichanjwa kifuani, ini la mbuzi likapakwa damu, huyu akala ya yule na yule akala ya huyu. Basi tangu siku hiyo wakawa ndugu kuliko ndugu, na watoto wao ndugu. Miaka ikaenda. Kaka mkubwa wa mume wangu akampenda binti wa yule Msumbwa, na binti akampenda. Wazee wakasema haiwezekani, huyo ni dada yako, mkilala pamoja mtaleta balaa juu ya ukoo mzima. Kijana aliomba, alilia, alisusa kula. Hawakumkubalia. Mwishowe akaondoka kwenda kukata mkonge Tanga, na kwao hakurudi tena.

"Hao walilamba kidogo tu kwenye ini," akasema shangazi. "Wewe umetiwa chupa nzima."

"Lakini ile ilikuwa dawa, shangazi! Ni hospitali!"

"Ehee, hospitali. Hospitali wenyewe si ndio waliopima? Kaka yako wa tumbo moja walimkataa. Huyu wakamkubali. Sasa niambie, mayu, kama huyu si ndugu yako, ni nani?"

Hoja ya yule mama ilikuwa na miguu, inatembea. Kisha akasema lililobaki, na machozi yakimtoka, maana hakuwa ananifukuza kwa chuki. Mtu hatoi ng'ombe kumwoa dada yake. Baada ya mavuno wazee watakaa, ng'ombe watarudi kwa mume wangu, na mimi nitarudi kwa baba na mtoto wangu. Watanisindikiza kwa heshima, nisiwe na wasiwasi. Heshima! Nikamtazama mume wangu pale kibarazani, mtoto amemlalia kifuani, kamshika kidole. Naye alikuwa anajua kwamba ng'ombe wakirudi, mtoto ni wa kwetu, si wa kwake tena.

Nilikasirika siku nyingi. Nilimkasirikia shangazi kwa kufukua makaburi ya watu. Nilimkasirikia mume wangu zaidi, kwa kuwa mtu aliyenipa damu yake kwa hiari, halafu akaja kusikiliza hadithi za bibi kizee na kunitoa moyoni. Nilifua nguo zake kwa nguvu mpaka nikazichana. Nilitwanga mtama kana kwamba kinu kimenitukana. Majirani wakaanza kupita mbali.

Kisha siku moja, niko kisimani, nikapata wazo, nikashangaa kwa nini sikulipata mapema. Kama shida ni damu yake iliyomo mwilini mwangu, si itolewe? Waliojua kuitia watajua na kuitoa. Nikaacha ndoo kwa jirani, nikamfunga mtoto mgongoni vizuri, nikaenda zangu hospitali.

Mzaramo alinikumbuka. "Mama wa lori la kuni! Hujambo? Na huyu ndiye mwenye fujo zote zile?" Akamchezea mtoto shavu. Nami sikuzunguka.

"Nimekuja unitoe damu ya mume wangu. Nibaki na yangu."

Akacheka. Haki ya Mungu, alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaona machozi yananilenga, akaacha hapo hapo, akavuta kiti. "Nieleze, mama." Nikamweleza yote, ini la mbuzi, mkonge, ng'ombe, wazee wanaongoja mavuno. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Sasa sikiliza nami," akasema. "Hiyo damu unayotaka nikutoe, haipo."

"Haipo imekwenda wapi? Nimeiona kwa macho yangu ikiingia."

"Iliingia, ikafanya kazi yake, ikaisha. Damu ya mtu haikai milele, mama. Inachakaa. Miezi mitatu, minne, ile ya zamani imekwisha kuondoka na mwili umetengeneza mpya. Ndiyo maana unakula. Ile ya mumeo ilikushika mkono ikakuvusha mto, ikaenda zake. Uliyo nayo leo umeipika mwenyewe."

Nikamwambia maneno ni maneno, anioneshe. Akanitoboa kidole. Kwenye kigae akaweka dawa mahali pawili, kushoto na kulia, akaongeza tone la damu yangu kila upande, akakitikisa. Kushoto ikaganda vipande vipande. Kulia ikatulia. "Kundi A," akasema. "Kama siku ulipoletwa, haijabadilika hata chembe. Ya mumeo isingeganda upande wowote. Na ujue jambo jingine. Yeye anaweza kukupa wewe, lakini wewe huwezi kumpa yeye. Ya kwako ingemdhuru. Ndivyo mlivyo mbalimbali."

Hilo la mwisho lilinichoma, sijui kwa nini. Lakini furaha ilinizidi. Halafu nikakumbuka shangazi, nikanywea. "Nikienda kusema haya nyumbani hakuna atakayeniamini."

"Waje," akasema. "Kigae hakina upendeleo."

Siku ambayo mume wangu hakuwa na zamu, tulikwenda wote. Yeye alikuja kwa sababu nilimwambia kwamba asipokuja nitampelekea kigae shimoni. Shangazi alikuja, anavyosema, kuona huo uganga wa kutumia kipande cha sahani. Alipoingia akamsikia mpima damu anavyotamka, macho yakamng'aa.

"Huyu si Mzaramo huyu? Kumbe ni mtani wangu! Ndiyo maana nyumba ya watu inavunjika, tumempa mla nazi kuchezea damu zetu!"

"Shikamoo mayu," akasema yule bwana, kainama kwa adabu zote. "Mla nazi yupo. Nimesikia harufu ya michembe, viazi vyenu vya kukausha, tangu ulipokuwa barabarani, nikajua mtani anakuja."

"Marahaba, mtumwa wangu. Haya, fanya kazi."

Nilimshukuru Mungu kwa utani ule wa Wasukuma na Wazaramo. Mtu na mtani wake wanaweza kuambiana jambo ambalo wengine wangeshikiana mapanga. Mzaramo akatupima, mimi na mume wangu, damu zetu pamoja kwenye kigae kimoja. Ya kwangu ikaganda kushoto, ikatulia kulia. Ya mume wangu haikuganda popote. Hata mtoto mdogo angeona kwamba hivi ni vitu viwili. Akaeleza tena habari za damu kuchakaa, taratibu, na dresa mmoja Msukuma akirudia kwa Kisukuma pasiwe na neno la kupotea. Mume wangu alikiinamia kile kigae kwa muda mrefu.

Shangazi akakunja uso. "Mazingaombwe," akasema. "Hawa ni vijana, unaweza kuwachezea. Nipime mimi."

Akatoa kidole kama anamnyooshea mtu wa kumshitaki. Akatobolewa, hakupepesa. Kigae kikatikiswa. Ya kwake ikafanya kinyume cha yangu, ikatulia kushoto ikaganda kulia. Mzaramo akaitazama, akaanza kutabasamu, akajizuia, akashindwa.

"Kundi B," akasema. "Sasa ngoja." Akachukua sindano nyingine, akajitoboa mwenyewe, akaweka damu yake pembeni ya ile ya shangazi. Nayo ikatulia kushoto, ikaganda kulia. Ukizitazama huwezi kujua ipi ya nani.

"Nini hiyo?" shangazi akauliza, ingawa alikwisha kuona.

"Ni mimi. Mimi na wewe damu yetu moja, mayu. Kwa sheria yako, hospitali imepima na imekubali. Basi shikamoo, dada yangu wa damu! Tutume salamu Uzaramoni kwamba nimempata ndugu aliyepotea."

"Toba!" Shangazi aliurudisha mkono haraka kama umeungua. "Mimi? Ndugu wa mla nazi?"

"Na yule kijana aliyetaka kunipiga siku ile, kaka wa huyu mama, naye ni B. Ukoo wetu unakua, dada."

Dresa aliangua kicheko, mimi nikafuata, mtoto akashituka akaanza kulia. Shangazi alisimama pale anakitazama kigae, anamtazama Mzaramo, anakitazama tena kigae. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mjinga. Mwishowe akashusha pumzi.

"Nimezaliwa Msukuma na nitazikwa Msukuma," akasema. "Kama damu ya kwenye kigae ndiyo inayofanya undugu, basi nimekuwa Mzaramo uzeeni. Sikubali hata kidogo. Afadhali hawa walale pamoja." Akamgeukia mpima damu. "Na wewe, usithubutu kuniita dada mbele ya watu."

Tulirudi kwa miguu. Shangazi alimchukua mtoto mgongoni akatangulia, akijitia ana haraka ya kuanua michembe yake. Sisi tukabaki nyuma. Mimi nilikuwa nimeshinda, na nikishinda huwa sikosi maneno.

"Umeona sasa? Miezi yote hiyo unaumwa na mbu kibarazani, kwa sababu ya maneno ya shangazi yako! Mwanaume mzima! Unanipa damu yako leo, kesho unasikiliza hadithi, unaniacha. Shangazi akikuambia ruka kisimani, utaruka?"

"Shangazi hakuniambia kitu," akasema.

"Usimtetee!"

"Simtetei. Mimi ndiye niliyemwambia yeye. Nilijua kabla ya sindano."

Nikasimama katikati ya njia.

"Kaka yangu alipoondoka kwenda kwenye mkonge," akasema, "mimi ndiye niliyembebea kifurushi mpaka barabarani. Alilia njia nzima. Unadhani nimesahau? Yule bwana aliposema damu yangu inakufaa, nikatoka nje nikakaa chini. Nikajiambia, nikitoa, huyu si mke wangu tena. Nisipotoa, jioni wanamfunika shuka." "Nikaona bora nikose mke, lakini wewe uwepo. Dada si utakuwa unamwona tu, hata kama anampikia mtu mwingine?"

Kumbe haikuwa sindano. Pale ukutani chini ya dirisha, mikono kichwani, wakati kaka yangu anamcheka, alikuwa ananiaga. Akamaliza kuniaga, akainuka, akaenda kuunyoosha mkono.

Niliushika mkono wake, ule ule, pale kwenye kiwiko, mchana kweupe, watu wanapita na mizigo yao wanatukodolea macho. Wakati ule mtu na mkewe hawakushikana njiani. Tulishikana. Nililia, naye akaniacha nilie.

Tulipokaribia kambini nikamwambia, "Yule Mzaramo anasema mimi siwezi kukupa damu, hata nikitaka. Ya kwangu itakudhuru."

"Nipe ugali basi," akasema. "Ila mwiko ubaki jikoni."

Jioni alipokwenda kuoga, niliukunja mkeka wake pale kibarazani, nikaukung'uta vumbi, nikauingiza ndani. Shangazi alikuwa amekwisha kujialika kwa jirani, na mtoto kamchukua. Nikakaa kitandani nikamsikia anarudi, viatu vyake vinaburuza chini. Akafika kibarazani, akakuta mahali pake patupu. Akasimama. Kisha, kwa mazoea ya miezi ile yote, akasema taratibu:

"Hodi hapa."

"Mwenye nyumba habishi hodi," nikamwambia. "Ingia, mume wangu."

Akainama mlangoni, akaingia.